Njia Kwanza, Nyumba Baadaye: Barabara, Maji na Mitaro katika Miji ya Waislamu



Tunapotajiwa fiqhi, wengi wetu akili zetu huenda kwenye udhu, swala, funga, ndoa na mirathi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ndani ya vitabu hivyo hivyo tunavyovisoma misikitini na madrasani mna milango inayozungumzia upana wa njia, umbali baina ya kisima na shimo la choo, mlizamu wa paa unaomwagia mpita njia, na nani alipe mtaro wa maji machafu unapoziba. Milango hii huwa tunaipita haraka haraka, kana kwamba ni habari za watu wa kale tu.

Lakini tukitazama miji yetu leo tunaona kwamba hakuna mlango unaotuhusu zaidi ya huo. Miji inakua kila siku. Viwanja hukatwa na kuuzwa, nyumba zikajengwa, watu wakahamia, kisha ndipo njia inapotafutwa, na haipatikani. Mvua ikinyesha, watu hufungulia mashimo ya vyoo yachukuliwe na maji ya mvua, na uchafu wa nyumba ya juu ukaingia katika kisima cha nyumba ya chini. Mripuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, kisha ukaenea mikoani na kufika Zanzibar, ulitukumbusha kwamba jambo hili si la starehe bali ni la uhai na mauti.

Je, Waislamu waliotutangulia walilishughulikiaje jambo hili? Katika makala haya tutapitia miji kadhaa, tuone walipofaulu na walipokosea, kisha tutazame wajibu wetu uko wapi.

Msingi uliowekwa Madina

Mtume (s.a.w.) alipohamia Yathrib mwaka 622, hakukuta mji mmoja bali vijiji vilivyotawanyika baina ya mitende. Akajenga msikiti, akawatengea Waislamu soko lao, na ikawa mizozo ya njia na maji inaletwa mbele yake. Katika mizozo hiyo zilizaliwa kanuni ambazo mafakihi walizijengea juu yake kwa karne nyingi.

Kuhusu njia, imepokewa katika Sahih Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa watu wakizozana juu ya njia, basi iwekwe dhiraa 7. Dhiraa moja ni takriban nusu mita, hivyo ni karibu mita tatu na nusu, upana unaotosha wanyama wawili wenye mizigo kupishana. Alifundisha pia kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni katika matawi ya imani.

Kuhusu maji, alifundisha kwamba Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Katika mabonde ya Mahzur na Mudhaynib, alihukumu kwamba mwenye shamba la juu azuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha amwachilie wa chini yake. Naye Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma na kukifanya wakfu kwa Waislamu, ili maji yasiwe biashara ya mtu mmoja mahali ambapo wahitaji ni wote.

Na kuhusu uchafu, Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha watu na mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia kwenye mahali pa kuchotea maji, katikati ya njia, na kwenye kivuli ambapo watu hupumzika. Aidha alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama.

Juu ya yote hayo ikasimama kanuni mama ya kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Kanuni hii ndiyo iliyokuja kuwa nguzo ya fiqhi ya ujenzi. Kila swali la ukuta, dirisha, kisima na mtaro lilirudishwa hapo.

Kufa na Basra: njia zilichorwa kabla ya nyumba

Mtihani mkubwa wa kwanza ulikuja wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), baina ya mwaka 634 na 644. Majeshi ya Waislamu yalikuwa Iraq, na ikahitajika miji mipya ya kuishi askari na familia zao. Kufa iliasisiwa na Saad bin Abi Waqqas (r.a.) mwaka 17 wa Hijra (638), na Basra iliasisiwa katika miaka hiyo hiyo na Utba bin Ghazwan (r.a.).

Mwanzoni watu walijenga kwa mafunyo na matete. Moto ukawaka, nyumba zikateketea. Ndipo walipomwomba Sayyidna Umar idhini ya kujenga kwa matofali. Akawaruhusu, lakini kwa masharti: mtu asizidishe vyumba vitatu, wala wasishindane kurefusha majengo.

Tabari ameeleza katika tarikhi yake jinsi Kufa ilivyopangwa. Kazi ya kupima ilikabidhiwa kwa Abu al-Hayyaj bin Malik. Amri ya Khalifa ilikuwa barabara kuu ziwe dhiraa 40, zinazofuata dhiraa 30, zilizo baina yake dhiraa 20, na vichochoro dhiraa 7, wala pasiwe na njia iliyo chini ya hapo. Kwa vipimo vyetu ni takriban mita 20, 15, 10 na 3 na nusu. Kitu cha kwanza kuwekewa alama kilikuwa msikiti. Kisha mpiga mshale hodari akasimama katikati, akarusha mishale kila upande, na watu wakaamrishwa wajenge nyuma ya pale mishale ilipoangukia. Eneo lililobaki ndani likawa uwanja wa umma, na barabara zikatoka hapo kuelekea pande zote, na makabila yakagaiwa viwanja baina ya barabara hizo.

Hapa tunapaswa kusimama kidogo, maana ndani ya tukio hili mna elimu kubwa. Kwanza, mpangilio ulitangulia makazi. Hakuna aliyepewa kiwanja ndipo njia ikatafutwa katika mabaki. Pili, njia ziliwekwa kwa daraja. Kichochoro cha dhiraa 7 kinawatosha watu wa mtaa, nayo barabara ya dhiraa 40 inapitisha jeshi, misafara na soko. Mji wenye vichochoro peke yake hukosa pumzi. Tatu, kipimo cha chini kabisa alichokiweka Umar ndicho kile kile cha dhiraa 7 kilichotajwa katika hadithi. Yaani hukumu ya mzozo wa watu wawili Madina ilichukuliwa ikawa sheria ya mji mzima Iraq.

Basra nayo Mawardi ameeleza kwamba barabara yake kuu ilikuwa dhiraa 60, nyingine dhiraa 20, na vichochoro dhiraa 7. Lakini Basra ilikuwa na tatizo ambalo njia pana hazikulitibu: maji yake yalikuwa ya chumvi. Al-Ahnaf bin Qays alikwenda Madina kumlalamikia Khalifa kwa niaba ya watu wake, naye Sayyidna Umar akamwamuru gavana wake Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) awachimbie mfereji wa kuwaletea maji matamu. Gavana hakuambiwa awahimize watu wasubiri. Aliambiwa achimbe.

Makka: maji yanayokosekana na maji yanayozidi

Makka iko bondeni, na bonde lina mitihani miwili: ukame na mafuriko. Mwaka 17 wa Hijra yalikuja mafuriko yaliyojulikana kwa jina la Umm Nahshal, yakaingia msikitini na kuling'oa jiwe la Maqam Ibrahim mahali pake. Sayyidna Umar alitoka Madina akaenda mwenyewe, akalirejesha Maqam, kisha akaamuru kujengwa boma la mawe upande wa juu wa mji ili kuyageuza maji yasielekee tena msikitini. Maji ya mvua yana njia yake aliyoyajaalia Allah. Ukiiziba njia hiyo bila kuyapa nyingine, yatapita juu yako.

Ama kuhusu ukame, jina lisilosahaulika ni la Bibi Zubayda bint Ja'far, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 216 wa Hijra (831). Alipoona taabu ya mahujaji ya kupata maji, alitoa mali yake kuyavuta maji kutoka chemchemi za mbali, kupitia milima ya mawe magumu, mpaka Makka na viwanja vya Hija. Mfereji huo ukaitwa Ain Zubayda. Aidha alitengeneza mabirika katika njia ya mahujaji kutoka Kufa, na njia hiyo mpaka leo hujulikana kwa jina lake.

Jambo ambalo hatulizungumzi sana ni kwamba mfereji huo haukudumu kwa kujengwa mara moja. Uliziba, ukabomoka, ukakarabatiwa tena na tena na watawala na matajiri wa zama mbalimbali. Katika karne ya 16 Mihrimah, binti wa Sultan Suleiman wa Uthmaniyya, alitoa mali ili ukarabatiwe na kurefushwa. Mjenzi hutajwa, lakini anayekitunza kilichojengwa ndiye anayekifanya kiwe sadaka yenye kuendelea.

Huko Kairouan, nchini Tunisia, bado yako mabirika ya Waaghlabi yaliyojengwa katikati ya karne ya 9. Birika kubwa lina kipenyo cha karibu mita 128, na pembeni yake liko dogo. Maji ya kutoka vilimani huingia kwanza katika dogo, tope likatulia chini, kisha yakapita kwenda katika kubwa yakiwa safi. Kanuni hiyo ya kuyatuliza maji kabla ya kuyahifadhi ndiyo inayotumika mpaka leo katika mitambo ya maji.

Fustat: mji uliosahau

Haitakuwa uadilifu tukitaja mazuri peke yake. Fustat, mji aliouasisi Amr bin al-As (r.a.) Misri baada ya ufunguzi wa mwaka 641, ulikua haraka mno. Viwanja viligaiwa kwa makabila, na kila watu wakajenga kwa namna yao. Karne nne baadaye ulikuwa mji wa majumba ya ghorofa nyingi na vichochoro vyembamba. Wachimbuaji wa mambo ya kale katika karne ya 20 walikuta chini ya majumba hayo mashimo ya maji machafu yaliyochongwa kwenye mwamba, na mifereji ya kuyapeleka huko. Mafundi hawakukosekana.

Pamoja na hayo, tabibu mashuhuri wa Misri, Ali bin Ridwan, aliyeishi karne ya 11, aliandika kitabu juu ya kuzuia maradhi katika nchi hiyo, na humo aliwakemea watu wa Fustat waziwazi. Aliwalaumu kwa kutupa mizoga ya wanyama vichochoroni na mtoni, na kwa kuacha maji ya vyoo vyao yaingie katika mto Nile, mto ule ule waliokuwa wakinywa. Alilaumu pia wembamba wa njia na urefu wa majengo yanayozuia upepo. Hawa walikuwa Waislamu, wenye misikiti, wanachuoni na mahodhi ya udhu. Nyumba zao zilikuwa safi ndani. Kilichokosekana ni mtu wa kusimamia kile kisichokuwa cha mtu, nacho ni njia na mto.

Tunis: fundi mwashi aliyeandika fiqhi

Katika nchi za Magharibi ya Waislamu, wanachuoni wa madhehebu ya Maliki waliandika vitabu makhsusi juu ya hukumu za ujenzi. Miongoni mwao ni Isa bin Musa al-Tutili wa Andalus, aliyefariki mwaka 386 wa Hijra (996). Lakini kitabu kilichoenea zaidi ni cha Muhammad bin Ibrahim al-Lakhmi, maarufu kwa jina la Ibn al-Rami, aliyeishi Tunis na kufariki katika miaka ya 1330. Yeye alikuwa fundi mwashi. Makadhi wa Tunis walipoletewa mashitaka ya kuta na mitaro walimtuma akakague, kisha awaeleze alichokiona. Baada ya miaka ya kazi hiyo akakusanya hukumu na matukio katika kitabu chake al-I'lan bi-ahkam al-bunyan. Fundi na kadhi walikaa pamoja. Kadhi hakuhukumu mtaro asiouona, na fundi hakujenga asipojua hukumu.

Tuchukue suala moja: mtaro wa maji machafu wa mtaa umeziba. Unapita mbele ya nyumba kumi, kuanzia ya juu mpaka unapoingia katika mtaro mkuu. Nani alipe gharama za kuusafisha?

Baadhi ya wanachuoni walisema gharama igawanywe sawa kwa nyumba zote zinazoutumia. Wengine walisema hapana, kwani matumizi si sawa. Mwenye nyumba ya juu kabisa maji yake yanapita mtaro wote, na aliye karibu na mtaro mkuu anatumia kipande kidogo tu. Kwa hiyo wa kwanza aanze peke yake kusafisha mpaka nyumba ya pili. Kutoka hapo washirikiane wawili mpaka nyumba ya tatu, kisha watatu mpaka ya nne, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa rai hii ya pili, kila mtu anachangia kadiri anavyonufaika, na hapana anayebeba mzigo wa mwenzake. Rai ya kwanza inapendelea wepesi wa hesabu, na ya pili inapendelea uadilifu wa kila hatua. Lakini zote mbili zinakubaliana kwamba hakuna anayetumia mtaro akasema haumhusu.

Masuala mengine ni kama hayo. Maji ya mvua yanaruhusiwa kutiririka njiani, ama maji machafu ya nyumbani hayaruhusiwi. Mtu akichimba shimo la choo karibu na kisima cha jirani na likakiharibu, huzuiwa. Wanachuoni walitofautiana juu ya eneo la kulinda kisima: zimepokewa dhiraa 25, 40 na 50. Wamaliki na wengineo wakasema hapana kipimo kimoja, bali hutazamwa aina ya ardhi na madhara yanayohofiwa, kwani mchanga hupitisha uchafu mbali na udongo mgumu hauupitishi. Mhandisi wa maji wa leo naye huanza kwa kuuliza aina ya ardhi.

Njia katika madhehebu ya Shafi

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, na Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), si kitabu kigeni kwetu. Katika mlango wa sulhu, Imam Nawawi anaeleza kwamba katika njia inayopita moja kwa moja haifai kufanywa jambo lolote linalowadhuru wapita njia. Mtu akitaka kutoa roshani, au kujenga chumba kinachovuka juu ya njia, ambacho watu wa Lamu hukiita wikio, sharti kiwe juu kiasi cha kumwezesha mtu kupita chini yake akiwa amesimama wima. Na ikiwa ni njia ya wapanda farasi na misafara, basi kiwe juu kiasi cha kupita ngamia aliyebeba mahmili pamoja na miti ya kivuli chake. Yaani kipimo si haja ya mwenye nyumba, bali ni haja ya mpita njia mwenye mzigo mkubwa kuliko wote.

Kisha anasema kwamba haifai kufanya sulhu ya fedha juu ya roshani hiyo. Maana yake ni kwamba ikiwa haidhuru, haihitaji kulipiwa, na ikiwa inadhuru, fedha haziihalalishi. Haki ya njia haiuzwi, kwani hana mtu wa kuiuza. Ama kujenga baraza au kupanda mti ndani ya njia, kauli yenye nguvu ni kwamba ni haramu, na iko kauli ya pili inayoruhusu ikiwa hakuna madhara. Kwa Imam Abu Hanifa, mtu yeyote miongoni mwa watu ana haki ya kudai kilichotokeza njiani kiondolewe.

Sasa tufike pale panapotuhusu zaidi sisi watu wa misikiti. Imam Mawardi, Shafi aliyefariki mwaka 450 wa Hijra (1058), katika al-Ahkam al-Sultaniyya anataja kazi za muhtasib, msimamizi wa maslaha ya mji. Anasema watu wakijenga katika njia ya umma awazuie hata kama njia ni pana, na awalazimishe kubomoa walichokijenga hata kama ni msikiti, kwa sababu njia ni za kupita na si za kujenga. Na anasema maji ya mji yakiharibika, yatengenezwe kwa mali ya Baitul Mal. Ikiwa Baitul Mal haina kitu, wajibu unawahusu wenye uwezo wote wa mji ule, wala hauwi wa mtu mmoja maalumu. Haya yameandikwa karibu miaka elfu moja iliyopita.

Ardhi ya mtu ikihitajika

Huenda msomaji akauliza: ikiwa njia ni haki ya umma, je, mwenye nyumba ya halali iliyomo ndani ya mpango mpya anyang'anywe?

Jibu tunalipata katika kisa cha kupanuliwa Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar alitaka nyumba ya al-Abbas (r.a.), ami yake Mtume, ili aupanue msikiti. Al-Abbas akakataa kuuza. Wakapelekana kwa Ubayy bin Ka'b (r.a.) awaamue, naye akahukumu kwamba Khalifa hana haki ya kuichukua bila ridhaa ya mwenyewe. Hukumu ilipokwisha tolewa, al-Abbas akaitoa nyumba yake bure kwa ajili ya Waislamu. Mtawala alisimama mbele ya hakimu na akashindwa. Kisha raia akatoa kwa hiari kile ambacho hakikuweza kuchukuliwa kwa nguvu.

Wanachuoni waliokuja baadaye waliruhusu kuchukua ardhi kwa dharura ya umma, lakini kwa thamani yake. Majalla, sheria ya Dola ya Uthmaniyya iliyotolewa baina ya mwaka 1869 na 1876, inaeleza katika kifungu cha 1216 kwamba milki ya mtu inaweza kuingizwa katika njia ya umma kwa amri ya Sultani na kwa kulipwa thamani yake, lakini isichukuliwe mkononi mwake kabla ya kulipwa. Na kifungu cha 7 kinathibitisha kwamba madhara hayawi haki kwa sababu ya ukongwe wake. Tukiviweka vifungu hivi viwili pamoja tunapata mizani. Mwenye haki halipwi ahadi bali hulipwa kwanza, na mvamizi hawi mwenye haki kwa kusema kwamba amekaa hapo miaka mingi.

Zanzibar: Sultani na mabomba

Mwambao wetu nao una historia yake. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yanaonesha visima virefu, vyoo ndani ya nyumba, na msikiti mkuu wenye kisima na hodhi lake. Huko Oman, ambako wengi wa watawala wa Zanzibar walikuwa na asili, maji yalivutwa kutoka mbali kwa mifereji ya aflaj, na mafakihi wa huko waliandika sana juu ya kugawana zamu zake. Mwaka 2006 mitano ya mifereji hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Zanzibar ilipigwa na kipindupindu kikali mwaka 1869 na 1870, na watu wa mjini walikuwa wakitegemea visima vilivyo baina ya nyumba. Sayyid Barghash bin Said alitawala baada ya hapo, kuanzia 1870 mpaka 1888. Katika utawala wake aliyavuta maji kutoka chemchemi zilizo kaskazini ya mji, akayaleta mpaka ndani ya Mji Mkongwe, na watu wakayachota bila malipo. Alifahamu alilolifahamu Bibi Zubayda kabla yake, kwamba mji ukishasongamana visima vya ndani havitoshi wala havisalimiki, na dawa ni kuyafuata maji yalipo safi.

Wajibu wetu leo

Tukiikusanya historia hii, tunaona miji ilisimama juu ya mambo matatu. La kwanza ni mamlaka iliyoweka njia na mtaro mkuu kabla ya viwanja. La pili ni majirani waliobeba gharama za kilicho baina yao kwa uadilifu. La tatu ni wakfu na mali ya umma vilivyotunza kilichojengwa. Lilipokosekana moja kati ya hayo, kama kule Fustat, uhodari wa mafundi haukufaa kitu.

Kazi ya kuchora ramani, kupima mwinamo wa mitaro na kutandaza mabomba ni ya wataalamu na serikali, na hatudai kuwafundisha. Lakini yako yaliyo mikononi mwetu. Anayeuza kiwanja bila kumwachia mnunuzi njia anakula haki ya mpita njia, naye tumwambie hivyo kwenye mimbari. Anayefungulia choo wakati wa mvua anamdhuru jirani yake, na udhu wake haumtoi katika dhambi hiyo. Matajiri wetu wanapenda wakfu wa kujenga misikiti, na ni jambo jema. Lakini mtaa wenye misikiti mitatu na usio na mtaro hata mmoja unahitaji wakfu wa mtaro zaidi ya msikiti wa nne.

Na sisi maimamu na kamati za misikiti tuanze na nafsi zetu. Maji ya udhu ya msikiti yanakwenda wapi? Choo cha msikiti kiko umbali gani na kisima cha jirani? Ukuta wetu, ngazi zetu, mahema yetu ya kudumu, je, viko ndani ya kiwanja chetu au vimeingia katika hifadhi ya barabara? Serikali ikija kuweka alama ya kubomoa, wengi wetu huona ni vita dhidi ya Uislamu. Inawezekana pakawa na dhulma, na hapo tudai haki yetu kwa sheria, kama al-Abbas alivyoidai mbele ya Ubayy bin Ka'b. Lakini kabla ya kupiga kelele tuchukue hati na kamba, tupime. Tukikuta kwamba tumeivamia njia, basi Imam Mawardi ameshatuhukumu kabla ya serikali, na lililo bora ni kubomoa kwa mikono yetu wenyewe. Ibada haijengwi juu ya haki ya mtu mwingine.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuwezeshe kuzipa njia haki yake, majirani haki yao na maji utukufu wake, na ailinde miji yetu na maradhi na mafuriko. Amin.